Maji ndani ya mpira wa trekta

Wiki hii, kando ya bonde la mpunga la Wingwi, nilimkuta fundi akilivisha mipira mipya trekta dogo la kuburugia tope. Muuza maziwa wetu alisimama mbele yetu sote tuliokuja kutazama, kopo lake la maziwa mkononi, macho kayakodoa.

Mipira ya mbele fundi aliijaza upepo kwa pampu. Ya nyuma akaanza kuitia maji.

"Maji ya nini humo?" muuza maziwa akauliza.

"Ya kuongeza uzito, mzee, lisiteleze kwenye tope."

"Mie hunidanganyi. Mtu hatii maji ila ana lake. Kwanza hutia kidogo, watu wasitambue. Wakishazoea, ndipo huongeza."

Bi mmoja, mnunuzi wake wa kila asubuhi, akalitazama kopo, kisha akamtazama mwenyewe. "Mzee, trekta hujapata kuwa nalo. Yote hayo umeyajulia wapi?"

Akakohoa, akakikaza kifuniko cha kopo, akasema anaiwahi sala ya alasiri. Adhuhuri ilikuwa bado haijaadhiniwa.

Trekta limeburuga bonde zima bila ya kuteleza. Mimi siku hizi nakunywa chai ya rangi.