Ovaroli ya Maji ya Wifi Yangu

Wifi yangu ni mrefu kumpita kaka yangu aliyemwoa, na miguu yake myembamba kama fito. Siku ya kwanza alipoletwa nyumbani nilisema mbele yake kwamba kaka ametuletea korongo. Nilidhani atanuna. Akaniangalia kutoka huko juu aliko, akasema, "Afadhali korongo, wifi. Kuna ndege wengine kazi yao kelele tu." Tangu hapo tukapatana, na jina la Korongo likamganda mpaka kazini.

Kazi yake ni kuongoza wageni mtoni. Wanakuja kwenye hoteli ya kule mlimani kuvua trauti, samaki wa maji baridi, na wanavua kwa nzi wa bandia: vimanyoya vimefungwa kwa uzi kwenye ndoana ndogo, vinarushwa juu ya maji, samaki anadhani ni mdudu. Uvuvi huo haufanywi ukiwa umekaa ukingoni. Unaingia mtoni, maji yanakufika kiunoni, unasimama humo nusu siku. Korongo husimama na mgeni bega kwa bega. Anamwonyesha jiwe la kukanyaga, anamshika kiwiko mkondo ukimsukuma, anamchomolea ndoana kwenye kofia, na siku mbaya kwenye sikio. Nimewaona wanaume wazima na vitambi vyao wamemng'ang'ania mkono, macho yamewatoka, naye anawapigia soga kana kwamba wako sebuleni.

Maji yale yanauma. Ndiyo maana wanavaa ovaroli ya maji, vazi lisilopitisha maji linaloanzia kwenye soksi za mpira zilizounganishwa miguuni, likapanda mpaka kifuani na kushikwa na mikanda mabegani. Buti huvaliwa juu ya soksi hizo. Ile aliyopewa na hoteli ilikuwa imechoka. Msimu uliopita ilimvujia miezi miwili, naye akanyamaza, mguu wake wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Daktari hakumung'unya maneno. Alimwambia akilowa namna ile msimu mwingine mzima, mguu huo atakuwa anaukokota.

Basi mwaka huu hoteli ikapata meneja mpya, kijana mpole wa sura lakini mgumu. Akatangaza kwamba kila mwongozaji aje na ovaroli yake mwenyewe, na kabla ya kufungua msimu atawapima. Saa nzima mtoni, kutembea, kupiga magoti, kupanda mawe. Atakayetoka amelowa, msimu huu ataukalia kwenye chumba cha kufulia mashuka. Kufua kunalipa nusu. Kaka yangu mgongo umemlaza tangu aanguke kwenye paa la watu, kwa hiyo nyumba nzima inasimama kwenye miguu ya Korongo. Pesa aliyokuwa nayo ilitosha ovaroli moja tu. Akikosea, hakuna ya pili.

Tukaenda wote kwa Mzee Mabuti, anayeuza nguo za kazi, mpya na mitumba, kwenye duka jembamba linalonuka mpira mpaka barabarani. Mimi ni fundi cherehani, nikajiona ndiye mtaalamu wa safari. Mzee Mabuti akatutolea mbili za bei ileile. Moja mpya, ya kijani, inang'aa, bado iko kwenye nailoni. Nyingine ya kahawia iliyopauka, magoti yake yametiwa kitambaa kigumu cha rangi nyingine. Nikaikamata ile ya kijani kabla Korongo hajafumbua mdomo.

"Hii hapa. Tulipe twende."

"Subiri, wifi. Hatununui pazia la mlango."

Akatoa kwenye mkoba soksi nene mbili na suruali ya sufu, akavaa zote, ndipo akaingia ndani ya ile ya kijani. Akachuchumaa. Akapiga magoti. Akainua mguu akauweka juu ya kiti cha Mzee Mabuti kama anayepanda jiwe, akaushusha, akauinua mwingine. Wateja wawili wakasimama mlangoni kutazama.

"Dada," Mzee Mabuti akasema, "hapa duka, si kiwanja cha mazoezi."

"Mzee wangu, mtoni hakuna mtu anayesimama kama sanamu. Una stoo yenye giza?"

"Stoo ya nini tena?"

"Na tochi."

Tukajifungia watatu stoo saa tano ya mchana, tukibanana na magunia ya glavu. Korongo akaiingiza tochi ndani ya ovaroli, akaishusha taratibu mguu mmoja, halafu mwingine, huku sisi tukikodoa macho kutafuta penye mwanga unaopenya. Ile ya kijani haikuwa na hata nukta moja. Ile ya kahawia ilitoa nukta mbili kwenye goti la kulia, ndogo kama ncha ya sindano.

"Umeona!" nikasema. "Marehemu huyo. Mzee, mrudishe kwenye jeneza lake."

Tukatoka kwenye mwanga. Korongo akaipindua ile ya kijani ndani nje, akanisogezea sehemu ya kati ya mapaja.

"Wewe fundi. Watu wakikuletea suruali imepasuka, mara nyingi imepasukia wapi?"

Nikainamia mshono. Miaka ishirini nashona palepale panapopasuka, na wala sikupaangalia. Mishono minne ilikuja kukutana kwenye nukta moja katikati ya mapaja, panaposuguana kila hatua, na utepe wa kuziba maji uliobandikwa juu yake ulikuwa mwembamba kama karatasi ya pipi. Kisha akapindua ile ya kahawia. Aliyeishona alikuwa na akili: kipande kimoja cha kitambaa kimepitishwa kati ya mapaja, mishono imesukumwa upande wa nje wa miguu, na utepe wake mpana hauna ukingo ulioinuka. Nikaukwaruza kwa ukucha. Haukusogea.

"Matundu nimeyaona, nitayaziba," Korongo akasema. "Mshono huo ukiachia nikiwa katikati ya mto, nitauziba na nini?"

"Na hizi soksi za mpira?" nikauliza, walau nionekane na mimi nipo.

"Bonyeza kisigino. Kinarudi chenyewe. Kikibaki kimebonyea, ujue mpira umekufa."

Tukachukua ile ya kahawia, na Mzee Mabuti akapunguza bei bila kuombwa. Alisema ni kwa sababu ya burudani.

Nyumbani Korongo alifuta goti la ovaroli kwa spiriti, akapaka gundi nyembamba ndani, akaining'iniza miguu juu, mikanda chini, kivulini, siku mbili. Kaka akijaribu kuisogelea na kiti chake anafukuzwa kama kuku.

Siku ya kupimwa nilipanda naye mlimani. Nilibeba taulo mbili na soksi za akiba, nikimwambia ni kwa ajili yangu. Waongozaji walikuwa watano. Mmoja wao anaitwa Maridadi, na jina halijamwonea. Alikuwa na ovaroli mpya inayong'aa, dada wa ile ya kijani, imembana kama suti ya harusi.

"Shikamoo, Mama Viraka," akamwambia Korongo.

"Marahaba, bwana harusi. Mkanda wa kiunoni uko wapi?"

"Unaharibu umbo."

"Vaa mkanda, mdogo wangu. Ukianguka bila mkanda, maji yanashuka yote mpaka miguuni."

"Nani aanguke?"

Meneja akapuliza filimbi, wakaingia. Robo saa wakatembea, wakapiga magoti kwenye changarawe, wakapanda mawe na kushuka. Mimi ukingoni nilikuwa nimeng'ata kucha zote kumi. Kwenye jiwe kubwa la tatu Maridadi alitanua hatua, na hata kutoka pale ukingoni nikamwona uso umebadilika. Mshono ulikuwa umeachia. Akashuka haraka atoke, lakini maji yaliyokuwa yanajaa yakamfanya mzito, mguu ukateleza, akakaa chini ndani ya mto, na maji yakamwingia kupitia kifuani. Akavimba kama gunia. Akaanza kuvutwa kuelekea kwenye shimo lenye kina kirefu, chini kidogo ya yale mawe.

Meneja alipiga kelele. Wengine watatu walikuwa mbali. Korongo alikuwa hatua kumi kutoka kwake, mahali ambapo angebaki mkavu mpaka mwisho, na alijua vizuri kuliko wote kina cha lile shimo. Akaenda. Akaenda ubavu ubavu, fimbo mbele, maji yakampanda kiunoni, kifuani, mabegani, yakamwagikia ndani. Akamshika Maridadi mkanda wa begani, akamburuta kwa kurudi kinyumenyume mpaka kwenye changarawe, akimtukana njia nzima matusi ambayo sikujua anayajua.

Walipotoka wote wawili walikuwa wanatiririka. Meneja alisimama na daftari lake, amepauka.

"Mama," akasema, "nashukuru sana. Kweli nashukuru. Lakini nilisema atakayetoka amelowa..."

Mimi nilikuwa tayari kumrukia. Korongo akaninyooshea kidole nikae.

"Bosi, maji haya yameingilia juu. Hujapima ovaroli, umepima shingo yangu. Nianze upya."

"Saa nzima? Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Wifi, lete taulo."

Basi nikapata kazi. Tuliipindua ndani nje juu ya nyasi, nikaisugua kwa taulo zote mbili na sweta langu, kila mshono, kila kidole cha soksi, Maridadi akashika miguu ya vazi huku anatetemeka kwa baridi. Kwa sababu Korongo alikuwa amefunga mkanda, maji yalikuwa yamekwama tumboni, chini yalishuka kidogo tu. Akavaa suruali yangu ya joto niliyoivua chini ya gauni, fupi kwake kama kaptura, na soksi zangu za akiba. Nikamnong'oneza kwamba mguu ule hautaki mchezo, aache, tutaishi kwa kufua.

"Ukiongea tena nitakuvalisha wewe," akasema.

Akaingia peke yake. Meneja akakaa kwenye jiwe na saa yake mkononi. Nadhani alitegemea Korongo angechoka baada ya nusu saa. Korongo alipiga magoti palepale walipopiga wengine, akapanda mawe yote matatu, na lile kubwa akalipanda mara mbili. Akasimama kwenye mkondo maji yakimkata juu ya kiuno, mikono kwapani, hatingishiki. Waongozaji wengine watatu walikuwa wamemaliza saa yao, wamekaa mstari mmoja ukingoni. Mmoja wao alikuwa na unyevu gotini, hakuuficha.

Filimbi ilipolia alitoka polepole, akaketi mbele ya meneja, akavua buti, akavua ovaroli, akanyoosha miguu yote miwili usoni pake.

"Shika."

Meneja aliona haya, lakini alishika. Akaminya soksi vidoleni, kisigino, goti la kulia. Akaangalia kiganja chake. Akafungua daftari, akaliandika jina la Korongo likawa la kwanza kwenye orodha, juu ya mstari wa kwanza, kwa sababu hakuwa ameacha nafasi.

"Kesho saa moja asubuhi, mama. Una wageni wawili."

"Nitakuwepo."

Alisubiri meneja apande kilimani apotee, ndipo akaanza kutetemeka. Meno yalimgonga kama cherehani langu. Nikauweka mguu wa kushoto mapajani pangu, nikausugua kuanzia kidoleni mpaka gotini, kwa nguvu zangu zote, na machozi yananitoka nikisingizia upepo. Maridadi alimfunika koti lake zuri mabegani bila kuambiwa.

"Unausikia?" nikamuuliza. "Mguu unausikia?"

"Nausikia," akasema. "Una mikono kama msasa, wifi. Sugua tu."