Mchanga wa Kupeleka Kakuma

Mwaka 2012 nilikuwa na pikapu kuukuu, shahada mbili na mteja mmoja. Mteja huyo alikuwa mama kutoka Sudan Kusini aliyeuza mayai katika kambi ya Kakuma. Mayai yake yalifika Lodwar kwa lori kutoka Kitale, mazima. Kutoka Lodwar yalipanda gari langu, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Lami ya njia ile ilikuwa imebaki vipande vipande kama ukoko wa ugali, na madereva wenye akili walipita kando yake, kwenye mawe. Nami nilipita kando. Mayai hayakuona tofauti. Kila nilipofika, mama alifungua trei, akatoa yaliyopasuka na kuyatia kwenye sufuria bila kusema neno. Siku hiyo majirani zake walikula vizuri. Nilianza kupendwa sana mtaani kwake, na upendo ule ulinitia wasiwasi.

Hatimaye alisema. "Ustaz," aliniambia, kwa kuwa alisikia niliwahi kufundisha, "Mhabeshi wa hoteli amechoka. Amesema yakivunjika mara moja tena, atanunua kwa mtu ingine."

Hoteli hiyo ilichukua karibu mayai yake yote. Bila hiyo yeye angebaki na trei mbili za rejareja, na mimi ningebaki na shahada.

Nilimwendea fundi wangu wa Lodwar, ambaye gereji yake ilikuwa kivuli cha ukuta wa kanisa. Asubuhi alikuwa upande huu, alasiri upande wa pili, na magari mabovu yalisukumwa kumfuata.

"Ejok, mwalimu," alinisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok-noi."

Alijilaza chini ya pikapu, akagongagonga, akatoka. "Shokomzoba imekufa. Bushi imekufa. Weka mpya. Springi wacha, iko sawa."

Bei aliyoitaja ilikuwa ndogo, na ndiyo iliyonifanya nimtilie shaka. Msomi hapendi jibu linalotoka chini ya gari kwa dakika tano. Isitoshe, nilikuwa nimeona katika jarida moja seti kamili ya jangwani: springi zenye majani ya chuma mengi zaidi, manene, shokomzoba za gesi, na gari zima kuinuka kiganja kizima kutoka ardhini. Picha ilionyesha pikapu kama yangu ikiruka tuta la mchanga. Mayai hayakuwamo pichani, nami sikuyaulizia.

Nilichukua karatasi, nikapiga mstari katikati. Upande mmoja niliandika faida, nikajaza ukurasa. Upande wa pili niliandika bei, ambayo ilikaribia nusu ya thamani ya gari, na chini yake nikaandika: "Matunzo: kidogo." Karatasi hiyo ninayo hadi leo. Haikunieleza kwamba bushi za aina ile, zile pete za mpira, zingepasuka kwa joto na kuagizwa tena Nairobi, zije kwa basi baada ya siku tatu au nne. Wala kwamba bolti zingetaka kukazwa kila safari, na grisi ingekusanya vumbi mpaka igeuke msasa.

Pesa zenyewe zilikuwa za friji. Nilimweleza mke wangu kwamba mayai yakifika salama, friji mbili zitakuja zenyewe. Aliuliza kama zitakuja kwa gari hilohilo.

Fundi alipokuwa akifunga ile seti alisema mara moja tu. "Mwalimu, hii ni springi ya kubeba tani. Wewe unabeba mayai."

"Ndiyo maana nataka nguvu."

"Yai haitaki nguvu," alisema, akaendelea kukaza.

Gari lilipendeza. Lilikuwa refu kiasi kwamba kuingia nilihitaji kushika mlango kwa mikono miwili. Nilinunua trei moja yangu mwenyewe, nikaliendesha hadi laga ya kwanza, ule mto mkavu nje ya mji, na kurudi. Kati ya mayai thelathini nilirudi na kumi na moja.

Fundi aliitazama trei kwa heshima, kama mtu anavyotazama maiti asiyemfahamu. "Springi haijapata mzigo," alisema. "Haiwezi kuinama. Inakurusha tu."

"Basi rudisha zile za zamani."

"Za zamani ulimpa mhunzi."

Ni kweli. Wahunzi wa Lodwar hupenda sana chuma cha springi, na mimi, kwa ukarimu wa mtu aliyeendelea, nilimpa bure.

"Zimekuwa visu," fundi aliniarifu. "Nzuri sana."

Mayai ya mama yalikuwa yanaondoka kesho yake. Fundi alinyoosha mkono kuelekea mto Turkwel. Nilijaza magunia kumi ya mchanga, nikayalaza kwenye pikapu, nikafunga trei juu yake kwa mipira ya tyubu, nikaondoka.

Kwenye kizuizi askari alitoboa gunia kwa kidole, akakinusa.

"Hii ni nini?"

"Mchanga, afande."

"Unaenda wapi?"

"Kakuma."

Alitazama mchanga uliotuzunguka pande zote hadi milimani. "Mwalimu, mchanga imeisha Kakuma?"

"Ni wa springi."

Alipekua magunia yote kumi. Mwishowe alifungua njia. "Pita tu. Sijui kosa lako linaitwa nani."

Mama na Mhabeshi walikuwa wakinisubiri mlangoni pa duka. Trei zilifunguliwa moja moja. Katika mzigo mzima yalipasuka manne. Mhabeshi alijitwika trei zake. "Alhamisi lete tena," akamwambia mama, akaenda. Mama aliketi juu ya ndoo, akashusha pumzi, kisha akaona magunia.

"Ya ustaz! Na mchanga umeniletea!"

Mafuriko yalikuwa yamechimba sakafu ya duka lake. Nilimweleza kwamba mchanga ule sasa ni sehemu ya gari, na bila huo siwezi kumrudishia trei tupu Lodwar wala kurudi na mgongo mzima.

"Uzito unataka? Nitakupa uzito," alisema. Magunia yakamwagwa dukani, naye akaita mama saba wa Kiturkana waliokuwa wamemaliza kuuza makaa kambini. Walipanda bila nauli.

Kwenye laga ya kwanza kutoka Kakuma wote saba walisimama ili washuke, kama abiria wote wa huko wafanyavyo, gari lipate wepesi wa kuvuka. Nilitoka nikawasihi wakae. Nilisema gari langu linataka uzito, na likikwama nitalichimbua peke yangu.

Waliketi. Kiturkana changu si kingi, lakini kilitosha kumwelewa mmoja alipomnong'oneza mwenzake: "Mwache. Amesoma sana."