Nilihesabu ndala nyuma ya pipa la maji la ndugu yangu

Siku mzee wa mtaa alipokuja kwangu na kizibao cha kijani, akaniomba niwe macho ya kamati ya corona hapa mtaani kwetu Garissa, ningejua yatakayofuata, ningemwambia hapana.

Nilisema ndiyo. Hata chai niliyomwekea ilikuwa haijapoa.

Wakuu, assalamu alaykum, na wasio Waislamu habari zenu. Nina miaka sabini na moja. Form four nilimaliza, ukarani wa shule nikaufanya mpaka nikastaafu. Katika umri huu sina faida ya kudanganya watu nisiowajua, kwa hiyo nitasema yaliyotokea, hata yale yanayoniaibisha.

Ilikuwa 2020, ile miezi ya katikati. Misikiti imefungwa. Muadhini wetu kila akiadhini alikuwa anaongeza maneno ya kutuambia tusali majumbani, na kila akifika hapo sauti ilikuwa inamkwama kidogo.

Mpira wa Uingereza nao ulikuwa umesimama, kisha ukarudi bila watu uwanjani.

Mimi na mdogo wangu Bishaar tunashabikia timu moja tangu tukiwa watoto kwetu Tarbaj, enzi za redio ya baba iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Timu yenyewe siitaji, mtanicheka. Yeye ana ua mkubwa na televisheni kubwa, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mechi tulikuwa tunatazama kwake, miaka yote.

Sasa mpira umerudi. Jumamosi ya kwanza nikangoja anipigie. Kimya. Nikapiga mimi.

"Aboowe, decoder imekufa," akasema. Aboowe ndiyo kaka mkubwa kwetu. Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina langu.

"Imekufa lini?"

"Panya wamekula waya. Sikiliza redio tu, kwanza leo tutafungwa."

Panya! Wakuu, Bishaar ana paka wanne.

Hapo ndipo nilipoanza kuangalia mambo.

Kitu cha kwanza kilikuwa chupa za chai. Mke wangu Halima ana thermos mbili kubwa, zile za harusi. Nikaona kila siku ya mechi zinatoka nyumbani zimejaa baada ya Alasiri na kurudi tupu.

"Chai hii inakwenda kwa nani?"

"Kwa mke wa Bishaar. Ana wageni."

"Wageni, na corona hii?"

"Baba Fatuma, hicho kizibao wamekupa ulinde mtaa au ulinde thermos?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Cha pili kilikuwa group yetu ya WhatsApp ya ukoo. Kwa kawaida timu ikipoteza, vijana wanamtukana refa mpaka mtu awakumbushe Mwenyezi Mungu. Mara hii hakuna neno, kama hakuna aliyeona mechi. Watu wasioona mechi huulizana matokeo. Hawa hawakuulizana.

Nilikuwa nikiingia mahali, mazungumzo yanakatika. Nikajiona kama mgeni katika ukoo wangu.

Basi Jumamosi iliyofuata nikavaa kizibao, nikapita nyuma ya ukuta wa Bishaar. Kwanza nikasikia dua. Imamu anaomba kwa sauti ya chini, halafu "Amin" ya wanaume wengi waliojibana koo.

Nikachungulia penye upenyo wa geti. Mbele ya mlango hakuna kiatu hata kimoja. Nikashangaa. Kisha nikaona nyuma ya pipa la maji: ndala zimepangwa kwa kificho, jozi kumi na saba. Viatu vya ngozi vyenye kiraka cha bluu nilivijua mara moja. Vilikuwa vya muadhini. Yeye yule anayetuambia tusali majumbani.

Dua ikaisha, televisheni ikawashwa. Nilikuwa bado nimeinama pale uliposikika mlipuko wa shangwe. Amin walikuwa wameweza kuibana, lakini bao hawakuweza. Ua mzima ulipiga kelele, kisha mtu akasema "Shhh! Shhh! Aboowe atasikia!"

Wakuu, ile "Aboowe atasikia" ilinichoma hapa kifuani. Ilikuwa sauti ya Bishaar.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mzee wa mtaa. Njiani nilijiambia ni kwa sababu ya ugonjwa, ni kwa sababu ya sheria. Leo nasema ukweli: nilikwenda kwa sababu walikuwa wanasali na kutazama mpira bila mimi.

"Una hakika, Karani?" akaniuliza.

"Nimehesabu viatu."

"Basi wiki ijayo nitapita na askari tuwape onyo. Jina lako halitatajwa."

Na kuna jambo nililijua nikiwa nimesimama pale. Hooyo, mama yetu, alikuwa mgonjwa Tarbaj, na alikuwa amemwita Bishaar. Bishaar ndiye aliyekuwa anakwenda kwake kila mwezi, ndiye aliyejua dawa zake. Alikuwa amepanga kuondoka Jumatatu, baada ya mechi ya Jumamosi iliyofuata. Nilijua. Nikajiambia onyo halimzuii mtu kusafiri.

Jumamosi ikafika, na maafisa wa afya wakaja pamoja na askari. Mmoja wa waliokuwa mle ndani alikuwa ametoka Nairobi siku chache nyuma na alikuwa anakohoa. Mambo ya onyo yakaishia hapo. Wote wakapakiwa kwenye lori, siku kumi na nne za karantini katika shule moja ya bweni.

Wengine mtasema nilifanya sawa, yule mtu alikuwa anakohoa. Inawezekana. Nimelifikiria hilo miaka yote hii na bado halinisaidii kulala.

Nilisimama getini kwangu na kizibao changu, lori likapita. Bishaar akaniona akapaza sauti: "Aboowe! Hooyo! Nenda kwa hooyo!"

Nikaingia ndani. Halima alikuwa amekaa kwenye mkeka, thermos mbili mbele yake.

"Bishaar ndiye aliyekataza uitwe," akasema. "Alisema una pumu. Alituambia yeyote atakayekuambia, yeye hatamsamehe. Alisema, 'Akija hapa akaambukizwa akafa, mimi nitamwambia nini hooyo?'"

Halima alinitazama muda mrefu, kisha akatazama kizibao. Nafikiri alijua pale pale.

Nilikwenda Tarbaj mimi. Mama alikuwa haoni vizuri tena. Akanishika mkono, akaupapasa.

"Huu si wa Bishaar."

"Ni mimi, hooyo."

"Bishaar yuko wapi?"

"Yuko njiani."

Aliniuliza swali hilo kila asubuhi kwa siku sita, nami nilimjibu hivyo hivyo. Nilimpigia mzee wa mtaa, nikapiga kwa maafisa, nikaomba. Hakuna aliyeruhusiwa kutoka. Siku ya saba mama alifariki kabla ya Adhuhuri, na jioni ile ile tulimzika.

Kwetu kila mtu hutupa konzi tatu za udongo kaburini. Nikatupa zangu. Kisha nikainama kutupa tatu za Bishaar, sheikh akanishika bega. "Zako zimetosha, mzee."

Bishaar alitoka karantini akiwa mzima. Alikuja Tarbaj, akakaa kaburini mchana kutwa. Baadaye tulipokuwa tumekaa wawili, akaniuliza:

"Aboowe, umesikia ni nani aliyetuchoma kwa serikali?"

Ningeweza kunyamaza. Jina langu halikuwa limetajwa popote.

"Ni mimi," nikasema.

Hakupiga kelele. Alinimiminia chai, akaisogeza karibu yangu, akasema, "Nimekusamehe kwa ajili ya Allah." Akainuka akaenda kusali. Mwezi uliofuata aliuza nyumba ya Garissa, akahamia Tarbaj na familia yake.

Tukikutana kwenye harusi au msiba nampa salamu, na anaitikia, kwa sababu dini inamtaka aitikie. Ananiita kwa jina langu sasa.

Nilichojifunza ni hiki: ukiona watu wako wanakuficha kitu, waulize usoni, hata kama utaonekana mjinga. Mimi nilikuwa na wiki nzima ya kugonga lile geti. Nilikuwa na ujasiri wa kuvaa kizibao siku zote saba, lakini sikupata ujasiri wa kuuliza swali moja.

Changieni, wakuu. Mkitaka kunilaumu, laumuni tu, nimekwisha kuzoea. Ila kama kuna aliyewahi kurudishiwa ndugu baada ya jambo kama hili, naomba aniandikie alifanyaje.

Mama yangu alikufa akimngoja Bishaar, na Bishaar hakutupa hata konzi moja kwenye kaburi lake. Nilikuwa na ndugu mmoja tu duniani. Jumamosi timu yetu ikifunga, simu yangu hailii.