Mayai Yaliyotangulia Chakula

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai. Mke wangu alisema maabara ni ofisi, nami nikamwamini. Msimamizi wa matangi, mama mmoja wa Kericho, alinitazama toka juu hadi chini, akanipa aproni ya mpira na mabuti. "Mzee, hiyo tai itaingia kwa pampu," akasema. "Ivue, tutakuzika nayo siku yako ikifika." Ndivyo nilivyoanza kazi ya kufuga kamba, mimi mtu wa Singida ambaye sikuwahi hata kuonja maji ya bahari.

Naandika kwa sababu vijana wa kanisani kwetu hapa Laurel, Marekani, huniuliza nilikuwa nafanya nini miaka yote ile, na nikiwajibu wanacheka. Shule yangu iliishia darasa la saba. Pale nitakapogusa utaalamu, mjue naeleza nilivyoambiwa na nilivyoona kwa macho yangu. Huenda kuna mahali nimeelewa vibaya.

Bahari tulikuwa tunaipika wenyewe. Jengo lilikuwa katikati ya maghala, pwani ni mbali, basi chumvi ilikuja kwenye magunia. Tunaikoroga kwenye mapipa, tunadondoshea tone kwenye kipima chumvi, tunatazama kwa jicho moja. Ikizidi kamba wanalegea, ikipungua wanalegea vilevile. Kisha maji yanapitishwa kwenye mashine ya kupooza, maana hawa si kamba wa Mombasa wala Dar es Salaam. Ni wa bahari ya kaskazini, wadogo, wekundu hata kabla hawajapikwa, na maji ambayo wewe ungetoa mkono haraka kwa baridi, wao ndiyo wanayapumulia.

"Hawa wote huzaliwa wanaume," msimamizi aliniambia wiki ile ile. "Wakikomaa wanageuka wanawake, wanabeba mayai."

Nikacheka.

"Unacheka nini? Afadhali wao, wanajua pande zote mbili. Wewe bibi yako akiumwa mgongo unajua nini?"

Alikuwa mkali, lakini sikumbuki hata siku moja aliyonionea. Alipostaafu akahamia mji wa jirani, Bowie, kwa bintiye, nami nikapelekwa chumba cha vizazi, chini ya Mkuu wa utafiti mwenyewe, Mmarekani mrefu mwenye sauti ya chini. Huko ndiko nilikomalizia kazi.

Mama kamba hatagi akaenda zake. Mayai huyabandika chini ya mkia, kwenye viguu vya kuogelea, akayabeba majira yote ya baridi. Yai hukua kwa kufuata joto la maji: yakiwa baridi linachelewa, yakipata uvuguvugu linawahi. Chakula cha mtoto ni vijimea vya majini, vidogo, jicho halivioni, na hivyo havifuati joto sana. Vinafuata mwanga wa jua baada ya kipupwe. Zamani, alivyonieleza Mkuu, watoto na chakula walifika pamoja, kama wageni na pilau. Bahari ilipopata joto, mayai yakaanza kutangulia, na mwanga ukabaki na ratiba yake ya siku zote.

Tulikuwa na matangi mawili. Moja la baridi, lililopozwa kama bahari ilivyokuwa zamani. La pili la vuguvugu, kama bahari inavyokwenda sasa, na kamba wake walizaliwa humo, na mama zao walizaliwa humo. Vizazi vya nyuma tuliwalisha watoto mara tu walipototolewa, ili ukoo usikatike. Kizazi hiki ndicho kilikuwa cha kutoa jibu. Chakula kingeingia siku ambayo kingetokea baharini, si siku ya njaa. Sisi tuliiita siku ya bahari. Mkuu aliipanga mapema, na hapakuwa na ruhusa ya kuisogeza.

"Mama waliokulia vuguvugu wakijifunza kuchelewesha mayai, wana maisha," aliniambia. "Wasipojifunza, sijui nitawaambia nini wavuvi wa huko juu kaskazini. Wamefungiwa uvuvi, wanasubiri kamba warudi."

Sitaficha kwamba nilitaka wajifunze. Kila asubuhi nilikuwa nainama kwenye lile tangi la vuguvugu nikiomba mayai yabaki mkiani.

Hayakubaki. Yalitotolewa theluji ikiwa bado imerundikana kwenye maegesho ya magari. Watoto walijaa tangini kama vumbi lenye macho, na siku ya bahari ilikuwa bado mbali.

Chumba cha chakula kilikuwa mlango wa pili. Humo alifanya kazi Maman Espérance, mama wa Bukavu, aliyekuza vile vijimea kwenye mitungi ya kioo hadi maji yanakuwa kijani. Alikuja akasimama kando yangu, mikono kiunoni.

"Baba Neema, chakula iko hapa, batoto iko pale. Katikati ni mulango tu."

"Siku ya bahari bado, Maman."

"Kwetu mutoto akilia hauulize kalanda. Mwambie chef."

Chef kwake ni bosi, basi nikaenda kwa Mkuu. Nilimwambia Kiingereza changu hiki cha kuungaunga kwamba chakula kipo, watoto wapo, na Maman anauliza. Hakukasirika. Alivua miwani, akakaa nayo mkononi.

"Nikiwalisha leo, nitaandika kwamba wanaishi," alisema. "Mtu atasoma, ataamini. Lakini baharini, nani atawafungulia ule mlango?"

Sitaki mtu asome hapa aseme alikuwa na roho mbaya. Siku zile hakukaa ofisini. Alivaa mabuti kama sisi, akashinda kwenye lile tangi, na chakula chake cha mchana mara nyingi nilikikuta hakijafunguliwa. Maman naye hakukosea. Wote wawili walikuwa na haki, na watoto wakaanza kuzama chini.

Siku ya bahari ilipofika walikuwa wamebaki wachache. Maman alimimina kijani chake taratibu, akinong'ona, "Kuleni, bana bangu, kuleni." Mkuu alichukua mmoja kwa kijibomba, akamweka chini ya hadubini, akanisogezea kiti nitazame. Chakula kilimzunguka mtoto pande zote. Alikigusa. Hakukimeza. Mkuu alinieleza kwamba mtoto wa kamba akipitisha njaa kiasi fulani, tumbo linasahau kazi, na hapo chakula hakimsaidii tena. Hata mmoja hakupona. Wale wa tangi la baridi walitotolewa kwa wakati wao, wakala, wakakua vizuri kabisa.

Siku kadhaa baadaye Maman aliniletea sombe, kisamvu cha kwao, kwenye bakuli, akasema tu, "Si wewe. Najua."

Nimestaafu. Vijana wananiuliza kazi ile ilikuwa na faida gani. Sijui niwajibu vipi. Kwa baba yangu, mfugaji ni mtu anayezuia mifugo isife. Mimi nililipwa kuhakikisha wanakufa kama watakavyokufa kweli, ili asiwepo wa kudanganywa. Pengine hiyo nayo ni kazi ya heshima. Kuna siku naamini hivyo, na kuna siku siamini.

Wiki yangu ya mwisho Mkuu aliniita kwenye tangi la baridi. Miaka ilikuwa imepita, na wale watoto wa tangi hilo walikwisha kukua, wakageuka mama, wakabeba mayai yao ya kwanza.

"Hili limemaliza kazi," alisema. "Linapima bahari ambayo haipo tena. Lipandishe joto, lifanane na la sasa. Polepole."

"Nilipandishe mimi?"

"Ukitaka nitafanya mwenyewe."

Nikamwambia asimame kando, nikashika mimi. Nilizungusha kitufe cha mashine kidogo, nikangoja, nikazungusha tena kidogo. Mlio wa mashine ukashuka. Ndani ya maji mama kamba hawakushtuka. Waliendelea kupepea mayai yao kwa vile viguu, bila kupumzika, ili yapate hewa.