Ushindi wa Kupewa

Jael alipenda michezo tangu utotoni, ila si ile ya kukimbia na kutoka jasho. Yeye alikuwa wa kuketi na kufikiri. Yeye na mdogo wake Griffin walikulia Changamwe, baba yao akiendesha winchi bandarini, na kila walipopewa chochote cha kununulia mandazi shuleni kiliishia katika banda la gemu lililokuwa nyuma ya soko. Griffin alikuwa mtu wa mpira na magari ya mbio. Jael alipenda gemu za kujenga: unapewa ardhi tupu na mto, halafu unaachiwa uhangaike mpaka papatikane mji. Mji ukiungua au ukifa njaa, alianza upya bila kununa.

"Mashine haimwonei mtu huruma," alikuwa akimwambia Griffin. "Ndiyo maana ukiishinda unajua umeishinda."

Walipoanza kazi walichanga wakanunua mashine yao wenyewe ya gemu. Hata Jael alipoolewa na kuhamia Mikindani, Griffin aliendelea kuja siku za mapumziko na padi yake ya kuchezea mfukoni, akikaribishwa na shemeji yake Absalom kwa chai na makelele. Griffin alikuwa utingo wa lori la makontena. Lori hilo lilipinduka karibu na Mariakani asubuhi moja ya mvua, na Griffin hakutoka hai.

Walimzika Vihiga, kwa babu zao. Jael aliporudi Mombasa aliifunga mashine ndani ya shuka na kuiweka juu ya kabati. Kila alipofikiria kuiwasha, ile nafasi ya mchezaji wa pili ilimtazama. Alikwenda kazini, ofisi ya yadi moja ya makontena alikotayarisha karatasi za kutolea mizigo, akarudi, akapika, akalala. Absalom, aliyekuwa fundi wa kuchomelea katika kiwanda cha mabati, hakujua la kumwambia. Alikuwa mtu wa mikono, si wa maneno. Alimtengenezea kiti, akamtengenezea meza, na bado mkewe hakucheka.

Mchezo mpya ulimjia Jael mferejini. Maji yalikuwa yamepotea Mikindani kwa siku nyingi, na wauza maji wa mikokoteni walikuwa wakigombania njia. Alisimama na mitungi yake akiwatazama. Mmoja alikimbilia nyumba za karibu apate kidogo lakini haraka. Mwingine alipanda na mkokoteni wake kilima hadi ploti za juu, ambako watu hawakuwa na njia nyingine. Wa tatu alikaa tu akisubiri. Jael akajikuta anawahesabia hatua kama wachezaji. Alirudi nyumbani na mitungi mitupu, akakata boksi la sabuni, akaanza kuchora.

Ilimchukua miezi. Ubao ulikuwa wa plaiwudi, mtaa wenyewe ukiwa umepakwa rangi zilizobaki za milango ya jirani. Vifuniko vya soda vilikuwa mitungi ya maji. Kadi zilikatwa kutoka maboksi ya biskuti na kuandikwa kwa mkono wake: bomba limepasuka, stima imepotea, jirani ana harusi na anataka maji mengi leo hii. Kila mchezaji alikuwa na mkokoteni, akirusha dadu, akichota na kupeleka. Aliyehudumia nyumba nyingi ndiye mshindi. Mchezo akauita Maji Yamekuja, kwa vile ndivyo wanavyoitana majirani mfereji unapoanza kukohoa.

Wachezaji wa kwanza walikuwa watatu. Absalom mwenyewe. Ngala, fundi wa stima, rafiki ya Absalom tangu ujana. Na Fancy, msusi wa ploti ya pili, binti mwenye ulimi mwepesi na kicheko cha kusikika barabarani. Walikaa barazani Jumapili baada ya kanisa, na siku hiyo ya kwanza Jael alishinda. Alipouweka mtungi wa mwisho kwenye nyumba ya mwisho alicheka, kicheko kile cha zamani cha kutupa kichwa nyuma. Absalom alimtazama kama mtu aliyeona maji kweli.

Tangu hapo Jumapili zikawa za mchezo. Jael alishinda mara nyingi. Siku nyingine alishinda Ngala, mara chache Fancy. Absalom karibu kila mara alikuwa wa mwisho, akijipigapiga paja na kusema, "Mke wangu ana akili mbaya."

Lakini Jael hakuwa anacheza tu. Alikuwa anautengeneza mchezo, na kutengeneza mchezo si kama kupika wali, ambao unaonja mwenyewe ukajua chumvi imekolea. Mchezo huwezi kuuonja peke yako. Unahitaji watu wanaotaka kukushinda, wanaokubana kila pembe, ndipo uone unapovuja. Kwa hiyo baada ya kila mchezo aliwauliza: wapi pamechosha? Wapi mmekwama?

"Uko sawa kabisa," Ngala alisema.

"Labda ongeza kadi za harusi," Fancy alisema. "Zinafurahisha."

Akaongeza kadi za harusi. Alipoona anashinda mno kwa kupeleka maji ploti za juu, akapunguza faida ya kilima. Akaendelea kushinda. Akabadilisha dadu. Akabadilisha njia za ubao, akaupaka upya. Kazini, katikati ya makaratasi, wazo lilimjia na akachora mikokoteni pembeni mwa risiti. Alijiona mtu anayeumba kitu. Kwa mara ya kwanza tangu Mariakani alilala usingizi wa kweli.

Mwaka ulipokaribia kwisha aliona tangazo kwenye simu. Kulikuwa na siku ya wabunifu wa michezo katika ukumbi mmoja Mkomani, mtu yeyote aje na alichotengeneza, kiwe cha kompyuta au cha mezani. Jael alijiandikisha hapo hapo, kisha akawatangazia wenzake barazani.

Fancy aliinama kufunga kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

"Si usubiri kidogo?" Absalom alisema. "Uendelee kuurekebisha."

"Nimerekebisha mwaka mzima, Absalom. Sasa wacha watu wauone."

Alidhani mumewe ana haya kwa niaba yake. Siku ilipofika Absalom alisema ana kazi kiwandani asubuhi, na Ngala na Fancy ndio waliomsindikiza, Ngala akibeba ubao kichwani kama mwenye kuhamisha nyumba.

Ukumbi ulijaa vijana. Wengine walikuja na kompyuta zao, wengine na kadi, na kulikuwa na mzee mmoja aliyeleta bao aliloliongezea mashimo. Jael aliweka mchezo wake mezani, na kabla hajakaa vizuri walifika watatu: vijana wawili waliovaa fulana za timu moja, na muuguzi wa Mkomani hapo hapo aitwaye Maryanne, mwanamke mtulivu mwenye miwani. Jael aliwaeleza sheria, kisha akasimama kando pamoja na Ngala na Fancy ili atazame.

Vijana walikimbiza mikokoteni yao kama kawaida. Maryanne hakwenda popote. Sheria ilimruhusu mchezaji kununua tangi badala ya kupeleka maji, jambo ambalo Jael alikuwa ameliweka kama pambo tu, kwa kuwa barazani hakuna aliyelijali. Maryanne alinunua tangi. Zamu ya pili akanunua lingine. Zamu ya tatu vilevile, mpaka matangi yote ya mtaa yakawa yake, yamejaa. Kadi ya ukame ilipotokea, mfereji ukakauka, na maji yote yalikuwa kwa mtu mmoja. Vijana walibaki na mikokoteni mitupu. Maryanne akahudumia nyumba moja baada ya nyingine bila kupingwa, na mchezo ukaisha kabla chai ya Jael haijapoa.

"Samahani, dada," Maryanne alisema. "Labda sheria sikuzielewa?"

Jael alizisoma tena. Hapakuwa na kosa. Wakacheza mara ya pili, na safari hii kijana mmoja aliwahi matangi kabla ya Maryanne. Akashinda yeye, vilevile, upesi vilevile.

"Basi pana shimo," Maryanne alisema kwa upole. "Anayeanza na matangi ameshamaliza. Haya mengine yote, kadi, kilima, harusi, hayana kazi tena. Na yamependeza sana, ndiyo inasikitisha."

"Ajabu," Jael alisema. Masikio yalimchoma. "Tumeucheza mwaka mzima na hakuna aliyewahi kujaribu hivyo."

Maryanne akamgeukia Ngala, bila ubaya wowote. "Hata wewe hukuona?"

Ngala alijikuna shingo. Akamtazama Fancy. Na Jael, aliyekuwa amewasoma nyuso zao Jumapili baada ya Jumapili, akasoma na hii.

"Mliona," alisema.

"Dada Jael, tusizungumzie hapa," Ngala alisema.

"Fancy. Mliona?"

Fancy alikuwa tayari na machozi. "Kitambo. Hata hatukuwa tumeucheza mara nyingi. Lakini Absalom alituomba. Alisema umecheka siku ile ya kwanza, na hata hakumbuki ulikuwa umekaa muda gani bila kucheka. Akasema tukuache ushinde. Halafu siku zikaenda, na ikawa vigumu kusema."

"Na zile siku alizoshinda Ngala?"

"Tulikuwa tunapanga," Fancy alisema chini chini. "Usije ukashuku."

Jael aliuchukua ubao, akakusanya vifuniko vyake, akamshukuru Maryanne. Hakukubali Ngala ambebee.

Alimkuta Absalom uani anasonga ugali. Kumbe kazi ya kiwandani haikuwepo, au ilikuwa imekwisha mapema. Hakuuliza. Aliuegemeza ubao ukutani.

"Kwa hiyo umeambiwa," Absalom alisema alipouona uso wake.

"Umenifanya mtoto."

"Nilitaka ucheke, Jael. Ulikuwa kama mtu aliyekwenda na Griffin. Ningefanya nini?"

"Ungecheza." Sauti ilimpasuka. "Ungecheza tu, basi! Nilikuwa naketi pale nafikiri tuko wanne. Kumbe nilikuwa peke yangu na ninyi watatu mnanitazama."

"Ilikuwa mchezo tu."

"Ndiyo hilo usiloelewa. Mchezo ni kitu gani kama si watu kukubaliana wote wajaribu kweli? Niliongeza kadi kwa sababu yenu. Nilipunguza kilima kwa sababu yenu. Mwaka mzima nimerekebisha uongo, nikauweka vizuri, nikaupaka rangi. Na leo umeniacha niende nao mbele za watu."

Absalom aliweka mwiko chini. "Nilikwambia usubiri."

"Ulijua, basi. Ukabaki hapa kusonga ugali."

Absalom aliuokota mwiko, akaugeukia ugali.

Hapakuwa na matusi wala kuhama nyumba. Walikula, wakaosha vyombo. Lakini Jumapili iliyofuata baraza lilikuwa tupu, na iliyofuata pia. Ngala alileta salamu kupitia Absalom. Fancy alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni na kuomba msamaha, na Jael akamwambia amesamehe, kisha akafunga mlango taratibu. Kilichomuuma si kwamba walimdanganya kwa ushindi. Ni kwamba kila kumbukumbu nzuri ya mwaka ule ilibidi aichukue sasa na kuigeuza, aangalie chini yake. Ile siku Ngala alipopiga kelele za furaha: ilipangwa. Ile siku Fancy alipopoteza mkokoteni uliojaa akalilaani bomba: alifanya makusudi. Na vicheko vyake vyote vilivyofuata kile cha kwanza, alivyovidhani vimetoka kwake mwenyewe, vilikuwa vimetayarishiwa mahali.

Maryanne ndiye aliyempigia simu. Alisema mchezo haujamtoka kichwani, na ana wenzake kazini wanaopenda kubishana. Jael akaanza kwenda Mkomani Jumamosi. Watu wale hawakumjua, hawakujua kuhusu Griffin, na walimpiga bila huruma. Walitoboa mchezo kila upande. Alitoa matangi, akayarudisha kwa sheria kwamba yanavuja maji yake yasipouzwa. Alitupa kadi nusu. Polepole mchezo ukasimama kwa miguu yake, na Jael akaona, kwa furaha iliyochanganyika na uchungu, kwamba ungaliweza kusimama mwaka mzima kabla ya hapo.

Absalom alivumilia. Mwisho, alasiri moja, aliutoa ubao mwenyewe, akaupanga mezani, akapangusa vifuniko kwa shati.

"Nifundishe hizi sheria mpya," alisema. "Nitacheza kweli. Naapa."

Walicheza wawili. Absalom alimzuia njia ya kilima, akamwahi kwenye harusi, akamchukulia nyumba tatu za mwisho. Alishinda kwa mbali. Aliponyanyua kichwa, uso wake ulikuwa na matumaini ya mtu anayesubiri kupongezwa.

Jael alimjua mume huyu, alijua anachoweza kufanya ili mkewe afurahi, na alijua kwamba sasa Absalom ameelewa kinachomfurahisha mkewe ni kushindwa kihalali. Alitafuta katika macho yale kama amepigwa na mchezaji au amepewa kipigo na mume anayetaka kumfurahisha, na hakuona tofauti.

"Umecheza vizuri," alisema, akaanza kurudisha vifuniko mfukoni mwake kimoja kimoja.