Nilivyosajiliwa Mbekenyera

Niliondoka Nachingwea kwa sababu nilitakiwa. Naliandika neno hili kwa raha, maana mwezi mzima kabla ya hapo hakuna aliyenitaka. Klabu yangu ya mwisho iliniacha kwa ujumbe wa simu, na dirisha la usajili lilikuwa linakaribia kufungwa. Nimecheza beki wa kushoto, jezi namba tatu, kwa miaka kumi na miwili, minne kati ya hiyo kwenye ligi kuu. Kwenye leseni nina miaka ishirini na tisa. Magoti yangu hayajawahi kuisoma hiyo leseni. Msimu huu nikikosa timu, basi mpira umekwisha, na jambo hilo sikuwa tayari kumwambia mtu yeyote, hasa mke wangu Zuhura.

Habari njema ililetwa na Mzee Bakari, fundi baiskeli wa mtaani kwetu, ambaye redio yake haijui kitu kingine ila mpira.

"Kuna mwalimu wa Mbekenyera kapita hapa kuziba pancha," akaniambia. "Kaniuliza kama namjua beki tatu mzuri. Nikamwambia yupo, mzoefu, tena hana kazi."

Nilimpigia mwalimu huyo jioni ile ile. Alikuwa mwanamke, na mtandao ulikuwa unakatikakatika.

"Ni mvumilivu?" akauliza.

"Sana."

"Maana sitaki wa kutokatoka. Wa mwisho kila saa alikuwa nje."

"Huyu hapandi ovyo," nikasema. "Anakaa nyuma."

"Haumwiumwi?"

"Goti kidogo, wakati wa baridi."

"Haya, basi aje kesho."

Nilishangaa kidogo kwamba tunamzungumzia mtu wa tatu, ila viongozi wa timu ndivyo walivyo. Nimewahi kukaa meza moja na mwenyekiti aliyeniita "huyo mchezaji" mpaka chai ikaisha.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa stendi ya Nachingwea. Zuhura alinifungia mihogo ya kuchemsha, majirani wakapiga picha, na Mzee Bakari akapanda ndani ya basi kuwahutubia abiria kuhusu umuhimu wa beki wa kushoto mpaka kondakta akamwomba ashuke. Niliona aibu, lakini sikumzuia.

Saa tatu nilishuka Ruangwa. Njia nzima ilikuwa mikorosho na vumbi, na vumbi jingi nilishuka nalo mimi. Nilikunywa chai kwa chapati, nikamtafuta dereva wa bodaboda. Aliposikia nakwenda kusajiliwa Mbekenyera, akaniuliza ni timu gani. Nikamwambia hiyo ni siri ya klabu. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijauliza.

Mbekenyera nilifika jua limeshakuwa kali. Nyumba za walimu zipo nyuma ya shule, na mlangoni alisimama Madam Happy, mwenyeji wa Moshi aliyepangiwa kazi huku, mtoto kiunoni. Alinikaribisha vizuri, kisha akachungulia nyuma yangu.

"Yuko wapi, kaka?"

"Nani?"

"Beki tatu."

"Ni mimi."

Akachungulia tena nyuma yangu.

Vijana wa mjini humwita msichana wa kazi za ndani beki tatu. Neno hilo nalijua. Nimewahi kulitumia mwenyewe, tena kwa kicheko. Lakini mtu aliyevaa namba tatu miaka kumi na miwili akisikia anatafutwa beki tatu, haulizi maswali. Anafunga begi.

Madam Happy hakucheka. Alikaa kizingitini akaanza kulia. Kesho yake alikuwa asimamie mtihani, mwalimu mkuu alikuwa ameshamwonya mara mbili kwa kuchelewa, na mtoto hakuwa na wa kumwachia. Mimi nami nilifikiria kurudi Nachingwea siku ile ile, na Mzee Bakari keshautangazia mtaa mzima. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Usilie, madam. Nitakaa mpaka upate mtu."

Kupika najua. Kambini mpishi akisusa, mabeki ndio wanaoingia jikoni. Washambuliaji husema wameumia. Kazi ilikuwa kwa mtoto. Doreen alikuwa na miaka miwili na hafuati mfumo wowote. Anaelekea kwenye jiko, unaziba, anageukia ndoo ya maji. Nilicheza naye mtu kwa mtu kutwa nzima. Jirani mmoja, Bi Somoe, alikuja kuazima chumvi akanikuta nasonga ugali huku nimemfunga Doreen mgongoni kwa kanga.

"We mwalimu," akamwita mwenye nyumba, "ndo mume huyu?"

"Hapana, bibi. Ni beki tatu."

"Haya," akasema Bi Somoe, akaondoka bila chumvi.

Siku ya tatu, Jumamosi, simu ikaita. Ilikuwa timu moja ya Ruangwa mjini niliyokuwa nimeiomba majaribio tangu mwanzo wa mwezi: nifike uwanjani saa nne kamili. Nikamkimbilia mwenye nyumba kumwomba ruhusa. Madam Happy alikuwa anakwenda kusahihisha mitihani, akarudi ndani akatoka na mwavuli na chupa ya uji.

"Nenda naye," akasema. "Ila asikae juani."

Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye majaribio ya mwisho ya maisha yangu, begi mkono mmoja, mtoto mkono mwingine. Nilimtandikia Doreen kanga karibu na benchi, nikamfungulia mwavuli, nikamkabidhi kikombe chake. Kocha alimtazama mtoto, kisha akanionyesha upande wa kushoto.

Nilipangiwa winga kijana mwenye kichwa cha rangi ya machungwa. Mara mbili alinipita mpaka nikasikia upepo wake. Mara ya tatu nilimnyang'anya mpira safi kabisa, na kifua changu kikajaa. Nikajua nikimzuia mara moja zaidi, nimepata timu.

Akaja tena kwa kasi, mpira mguuni. Nilikuwa nimeshajipanga, nikamwona Doreen. Amesimama ndani ya eneo la hatari, kikombe mkononi, na mshambuliaji wao wa kati, jitu la mtu, anakimbia kumwelekea huku macho yakiwa hewani. Nikamwacha winga nikaruka kumchukua mtoto. Uji ulimwagika kwenye jezi yangu. Mpira ulikuwa wavuni.

"Beki!" kocha akapiga kelele. "Umemwacha mtu wako!"

"Sijamwacha, kocha," nikasema. "Huyu hapa."

Uwanja mzima ulicheka isipokuwa kocha. Alinifuata, akanishika bega. "Kaka, jicho la beki bado unalo. Miguu ndiyo imekuaga." Aliyasema kwa upole, na upole huo uliniuma kuliko kama angenitukana. Nilikaa chini ya mwavuli nikalia. Doreen alinipa kikombe kilichobaki tupu.

Jumapili mdogo wake Madam Happy aliwasili kutoka Moshi, na Jumatatu asubuhi nikaanza safari ya kurudi. Madam alinipa korosho mfuko mzima na kusema hajawahi kupata mfanyakazi kama mimi. Kutoka Ruangwa mpaka Nachingwea nilitunga uongo wa aina tatu: malaria, fitina za viongozi, na vibali vilivyochelewa. Nilipomkuta Zuhura uani anapepeta mchele, nikausahau wote. Nikamwambia mpira umekwisha, kisha nikamweleza kila kitu.

Alicheka mpaka akaweka ungo chini. Kisha akainua mkono.

"Subiri kwanza, baba Shani. Siku zote hizo ulikuwa unapika wewe?"

"Ndiyo."

"Nini?"

"Wali, maharage, ugali. Na mchicha wa nazi."

"Ulijifunza lini?"

"Kambini," nikasema. "Msimu wa kwanza."

Zuhura alijifuta mikono kwa kanga. "Miaka tisa nimekupikia," akasema, "nikidhani hujui hata kuwasha jiko."

Nilichojifunza katika safari hii ni kwamba ukweli mwambie mkeo, lakini si lazima uumalize. Soka nilistaafu rasmi siku hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni, nikisonga ugali, Zuhura amekaa kwenye kigoda mikono kifuani. Alimega tonge, akatafuna taratibu, akameza.

"Kesho tena," akasema.