Tela la Kuifikisha Boti Mbamba Bay

Niliondoka Mbamba Bay kijana, na begi moja. Basi lilipanda milima ya kwenda Mbinga, nami kila kona nikageuka kuliangalia ziwa hadi likapotea. Nilijiambia nikirudi sirudi mikono mitupu. Nikazunguka Tanga, Mafia, Mtwara, kote nikifanya kazi za boti. Mwaka huu hatimaye nilinunua yangu, ya mtumba, injini yake nyuma. Nikaja Dar kutafuta tela la kuiteremsha milima ileile bila kuipoteza, na la kuitolea majini kila nitakapotaka kuitengeneza.

Magomeni nilifikia kwa shangazi yangu, Bi Mwajuma. Lori lenye winchi liliishusha boti uani kwake.

"Wenzako wakija mjini huniletea mchele," alisema. "Wewe umeniletea chombo cha baharini. Jumamosi hapa pana harusi. Mama wa bwana harusi nimkalishe wapi, kwenye usukani?"

"Mbele kabisa, shangazi. Ndiko kwa wageni wa heshima."

"Niondolee boti yako, we mtoto!"

Asubuhi nilivuka Jangwani kwa miguu, matope ya mvua yakiwa bado barabarani, nikaingia Gerezani, kwa mafundi chuma wa Kariakoo. Muuzaji mmoja, Sudi, alinionyesha tela jipya linalong'aa. Akainyanyua kwa mkono mmoja pua yake, pale panapofungwa kwenye gari.

"Umeona, braza? Jepesi kama beseni! Hata bajaji inavuta."

Hapo wengi hulipia. Wamezoea matela ya kubebea simenti, mzigo unapangwa utakavyo. Boti haipangiki, uzito wake uko nyuma, kwenye injini. Pua isipolikandamiza gari, tela huyumba, na kwenye mteremko huliburuta gari litakako lenyewe.

"Tulijaribu," nilisema. Nikawaita wapagazi waliokuwa wakisubiri mzigo, nikawapanga juu ya tela kama uzito wa boti yangu: mmoja mbele, mmoja katikati, wanne nyuma kabisa. Pua ikaruka juu na Sudi akiwa ameishika, akabaki amesimama kwa ncha za vidole.

"Sudi, huko juu kuna hewa?" mpagazi mmoja akauliza. Mtaa mzima ukacheka, na Sudi mwenyewe akacheka.

"Haya, chagua mwenyewe, kapteni."

Nilichagua tela refu la rangi iliyofifia, ambalo ekseli yake, chuma kinachoshika magurudumu, ilifungwa kwa bolti. Fundi alilegeza, tukaisogeza nyuma kidogo, wapagazi wakapanda, pua bado nyepesi. Wakashuka, tukasogeza tena. Mara ya tatu niliinyanyua pua kwa mikono miwili, nikiuma meno. Hapo ndipo nilipotoa pesa, na soda kwa wote.

Ijumaa majirani walisaidia kuipandisha boti. Shangazi aliishika pua, akavuta juu, akashindwa.

"Mbona zito hivi?"

"Ndiyo maana nimelichagua."

Alinikumbatia muda mrefu. Alijua pwani sirudi tena kuishi.

Mbinga tulianza kuteremka, mimi na dereva wa gari nililokodi. Nilikaa nimegeuka nyuma, kama nilivyokaa kijana, ila safari hii nikiiangalia boti. Kona ya kwanza, ya pili, tela lilifuata bila kutikisika.

"Kaka," dereva akasema, "hivi bado tunalo? Silisikii kabisa."

"Tunalo," nikamjibu, nikageuka mbele. Ziwa lilikuwa limeshaonekana.